Vita Vilivyoanzia Nyumbani: Mnywa Sele, Mkasiwa, Mirambo na Nyungu ya Mawe

Hotuba kwa walimu na wanafunzi wa historia, Tabora

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wangu mliokaa mbele, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana: mwangaluka.

Nimeombwa nizungumze juu ya vita vya Mirambo, na nimeombwa pia nisizidishe muda. Mimi ni mwalimu mstaafu, kwa hiyo mwenyekiti anajua anachokiogopa.

Naomba nianze na lalamiko. Madarasani kwetu vita hivi huandikwa ubaoni kwa mstari mmoja: Mirambo aliwapiga Waarabu. Mwanafunzi ananakili, anapata alama zake, anakwenda zake. Mstari huo una kweli ndani yake, lakini umefuta watu wengi. Umemfuta Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, yaani nchi hii ya Tabora, Mnyamwezi kama Mirambo, ambaye alikuwa upande wa pili na watu wake wenye mikuki na magobore. Umemfuta Mnywa Sele, ambaye bila yeye huwezi kueleza lolote. Umemfuta Nyungu ya Mawe, ambaye mimi namhesabu kuwa mtawala bora kuliko Mirambo, na najua hapo nimeshagusa pabaya kwa wenzetu waliotoka Urambo, kwa Mirambo. Tutafika.

Ninachosema ni kwamba hivi vilikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vilianza na ugomvi wa kiti ndani ya nyumba moja ya kitemi, vikachanganyika na ugomvi wa nani ale ushuru wa barabara. Waarabu waliingia ndani yake, wakapigana, wakafa. Moto ulikuwa umeshawashwa na wenye nyumba.

Tuiangalie barabara kwanza. Kutoka Bagamoyo msafara ulipita Ugogo, ukakatiza pori la Mgunda Mkali, ukaingia Unyanyembe. Hapa njia ziligawanyika. Moja ilikwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Moja ilikwenda magharibi, Ujiji, na kuvuka ziwa mpaka Manyema. Nyingine ilishuka kusini magharibi, Ukonongo na Ufipa. Pembe zilipita hapa zikishuka pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zilipita hapa zikipanda bara. Waliobeba yote hayo mabegani walikuwa Wanyamwezi. Kwa hiyo aliyekaa Tabora alikaa mlangoni, na mlangoni ndipo hongo, yaani ushuru wa njia, hulipwa. Watani zetu Wagogo waliijua kazi hiyo mapema kuliko sisi: kwao mgeni alilipa hata kwa maji ya kunywa.

Mtemi Fundikira alifariki mwishoni mwa miaka ya 1850. Ndiye aliyekuwa akitawala wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walipofika mwaka 1857. Alikuwa na uhusiano wa ndoa na wafanyabiashara: binti yake Karunde aliolewa na Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip. Aliposhikwa na mauti wakabaki watu wawili wa ukoo wakitazamana, Mnywa Sele na Mkasiwa. Mnywa Sele akakaa kwenye kiti. Na jambo la kwanza kubwa alilolifanya lilikuwa kuwatoza ushuru Waarabu kwa mali iliyoingia nchini mwake.

Wanafunzi, nataka mlipime jambo hilo wenyewe. Mtemi anatoza ushuru nchini mwake. Kuna kosa gani? Waarabu hawakuliona hivyo. Walikuwa wamezoea enzi ya Fundikira, walikuwa na bunduki, na ndani ya nyumba ileile palikuwa na mtu mwingine aliyekitaka kiti. Kufikia 1860 hivi Mnywa Sele akafukuzwa, Mkasiwa akawekwa. Kila kilichofuata kwa miaka thelathini na zaidi kilitokana na hapo.

Mnywa Sele hakwenda kulia pembeni. Aliingia msituni na vijana wake akawa anaikata barabara: leo anaonekana upande wa Tura, kesho hayupo, keshokutwa msafara umeporwa. Speke alipopita mwaka 1861 alikutana naye, akajaribu kupatanisha, ikashindikana. Katika purukushani za wakati huo Waarabu walimpoteza Snay bin Amir, tajiri mkubwa wa Kazeh, ndiyo Tabora hii, yuleyule aliyewakaribisha Burton na Speke nyumbani kwake. Aliuawa Ugogo akiwa vitani. Vita vile vya kuviziana vilikwenda mpaka 1865, Mnywa Sele alipokamatwa na kuuawa.

Somo lake la kivita lilibaki. Alionyesha kwamba mtu asiye na mji, asiye na boma, mwenye vijana wachache wepesi wa miguu, anaweza kuusimamisha mji wa matajiri kwa miaka. Upande wa magharibi, Uyowa, palikuwa na mtemi kijana aliyekuwa analitazama hilo.

Mirambo alizaliwa karibu na mwaka 1840. Uyowa kilikuwa kiutemi kidogo, cha kupuuzwa. Wazee husimulia kwamba utotoni alichukuliwa na Watuta, wale Wangoni waliopanda kutoka kusini, akakua akiona namna wanavyopanga vijana kwa rika na kuwafundisha vita. Sina haja ya kubishana na simulizi hiyo, maana jeshi lake lenyewe lina alama za Wangoni kila upande. Alikusanya vijana waliokosa mahali: mateka wa vita, watumwa waliotoroka, wapagazi walioacha misafara, watoto wa watemi walioshindwa. Hao ndio rugaruga. Walivaa vitambaa vyekundu, manyoya kichwani, bangili za pembe, na walikula kwa kupora. Msiwapambe sana. Kijiji kilichoamka alfajiri na kuwakuta mlangoni hakikuwaona mashujaa.

Stanley alipokaa naye baadaye, mwaka 1876, alimuuliza habari za vita, na Mirambo akamjibu kwamba yeye huwataka vijana wasio na familia. Mtu mzima humuwaza mkewe na watoto wake; kijana ana macho makali na viungo vyepesi. Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kwa utulivu. Stanley alitegemea kumkuta jambazi wa kutisha, akamkuta mtu mpole wa maneno, aliyevaa vizuri, mwenye adabu za mtu wa enzi. Wakachanjiana udugu. Kwangu mimi jibu lile kuhusu vijana ni la kamanda hasa, na ni jibu la kikatili.

Sasa mwaka 1871. Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penyewe.

Msafara wa Waarabu ulikuwa njiani kwenda Ujiji. Mirambo akausimamisha. Akadai vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Wakabishana, wakalipa. Alipokwisha kupokea akawaambia warudi walikotoka, na kwamba hapati mtu kupita tena ila juu ya maiti yake. Mtu anayetaka ushuru tu huchukua ushuru akafungua njia. Huyu alikuwa anatangaza vita, na amelipwa baruti ya kuvipigania.

Tabora wakakaa kikao. Liwali Said bin Salim, mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar, alikuwepo, Khamis bin Abdullah alikuwepo, naye ndiye aliyesema kwa ukali kuliko wote. Walidhani ni kazi ya siku chache. Mwezi wa Agosti wakatoka, watu zaidi ya elfu mbili: Waarabu, waungwana wa pwani, watumwa wenye silaha, na Wanyamwezi wa Mkasiwa. Pamoja nao mgeni mmoja wa gazeti la New York, Henry Morton Stanley, aliyekuja kumtafuta Livingstone na aliyekuta njia ya Ujiji imefungwa.

Hapa niingize kitu ambacho vitabu vya shule havikitaji. Stanley huyu alikuwa na miaka thelathini, rika moja na Mirambo, na alikuwa ameshapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alipigana pande zote mbili! Aliingia kwanza jeshi la Kusini, kikosi cha Arkansas, akawa Shiloh tarehe 6 Aprili 1862. Siku ile jenerali wa Kusini, Albert Sidney Johnston, aliwashambulia watu wa Ulysses Grant asubuhi, wengine bado wako kwenye chai. Watu wa Kaskazini wakakimbia wakaacha mahema, na sufuria ziko motoni. Askari wengi wa Kusini, wenye njaa, wakasimama kula na kupekua mahema. Mchana Johnston akapigwa risasi mguuni, akatokwa na damu mpaka akafa. Usiku Grant akapata jeshi la msaada la Buell, na kesho yake akawarudisha nyuma. Stanley alikamatwa siku hiyo ya pili. Ili atoke gerezani akajiunga na Kaskazini, akaugua, akaachiwa, na baadaye akaingia jeshi la majini la upande huohuo. Waliokufa, kujeruhiwa au kupotea pale Shiloh kwa siku mbili walizidi elfu ishirini na tatu.

Kwa hiyo mtu aliyekuja kutusaidia kuuana alikuwa na uzoefu wa kutosha. Na alichokiona Shiloh, kwamba mshindi anayeshika mali huacha kushika bunduki, alikuja kukiona tena huku Unyamwezi, kwa wenzake.

Waliteka kwanza kijiji cha Zimbizo. Kilianguka upesi, na hilo liliwaharibu akili. Baada ya hapo kijana mmoja, Soud, mtoto wa Said bin Majid, akachukua watu mia tano akaenda Ulyankulu, ambako Mirambo mwenyewe alikuwepo. Stanley alikuwa amelala na homa. Soud akaingia Ulyankulu. Mirambo akatoka kwa lango jingine na watu wake, akaiacha boma. Ndani mlikuwa na pembe zaidi ya mia, nguo, na watu wa kuchukuliwa utumwa. Wakabeba. Kila mtu na mzigo wake, na mwenye mzigo kichwani bunduki huwa mgongoni.

Njia kati ya Ulyankulu na Zimbizo ilipita kwenye nyasi ndefu. Wenye kuijua nchi yetu wanajua nyasi ndefu maana yake nini: unaweza kupita hatua tatu kutoka kwa mtu usimwone. Mirambo aliwalaza watu wake pande zote mbili za njia, kimya, wakausubiri msafara uliochoka na uliojaa mali uingie katikati. Kisha wakainuka wote kwa pamoja.

Soud akafa pale, na wengi pamoja naye. Pembe zote zikarudi kwa mwenyewe. Habari zilipofika Zimbizo jioni ile, jeshi la watu elfu mbili likayeyuka. Hapakuwa na amri ya kurudi nyuma. Kila tajiri alichukua punda wake na watumwa wake akakimbilia Mfuto kesho yake. Stanley, mgonjwa, karibu waachwe yeye na bendera yake. Aliwaandika vibaya sana baada ya hapo, na kwa hilo siwezi kumlaumu.

Nimefundisha historia ya vita vingi, na bado naiona siku ile kuwa mpango uliokamilika kuliko yote ya Unyamwezi. Mirambo aliutoa mji wake kama chambo. Alijua adui atafanya nini akiona pembe. Kuna makamanda wengi wanaoijua ardhi. Wachache wanaoijua tamaa ya adui kwa kiasi cha kuitegemea.

Hakusubiri wapumue. Tarehe 22 Agosti 1871 aliingia Tabora yenyewe, na Watuta pembeni yake. Khamis bin Abdullah akaona aibu kukaa ndani ya tembe lake. Akatoka na watu wa nyumba yake na watumwa wake wenye silaha, wachache, kwenda kupambana uwanjani. Walipozungukwa watumwa wakakimbia. Khamis aliuawa pale pamoja na vijana aliowalea, na maiti yake ikakatwa vipande vya dawa. Sehemu ya mji, kama robo yake, ikateketea. Kule Kwihara, karibu na Tabora, Stanley aliona moshi, akatoboa matundu ya bunduki kwenye kuta za tembe, akawaweka watu mia na hamsini, akapandisha bendera ya Marekani akangoja. Mirambo hakwenda Kwihara. Tembe lipo mpaka leo, ni makumbusho, na kama kuna mwanafunzi humu ambaye hajafika, nauli yake haimshindi mzazi.

Mwezi uliofuata Stanley akaiacha vita, akazunguka kusini kwa Ukonongo na Uvinza mpaka Ujiji, akampata Livingstone. Dunia inakumbuka kile kikao cha Ujiji. Vita vilivyomfanya azunguke wamevisahau.

Baada ya hapo, mtu angetegemea Mirambo aichukue Tabora awe mtemi wa Unyamwezi yote. Hakuichukua. Miaka ikapita. Livingstone alikaa Kwihara sehemu kubwa ya mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na vita vilikuwa vinaendelea bila mwisho. Sultani Barghash akaleta askari kutoka pwani. Nao wakashindwa kuimaliza kazi. Misafara ikapungua, pembe zikalala maghalani, wapagazi wakakosa kazi. Wakulima walihama mashamba ya barabarani. Mkasiwa akafa mwaka 1876 akiwa bado mtemi wa Unyanyembe, na kiti akakishika Isike.

Kwa nini Mirambo hakuimaliza? Jibu langu ni baruti. Rugaruga wa Mirambo walitegemea gobore, na gobore bila baruti ni rungu. Baruti ilitoka pwani, na njia ya pwani ilipita Tabora. Angeweza kuwapiga Waarabu, asingeweza kuishi bila biashara yao. Alitafuta mlango mwingine: akafanya urafiki na mfanyabiashara Mswisi, Broyon, akaandikiana na balozi wa Kiingereza Zanzibar, Kirk, akamkaribisha Urambo mmisionari na daktari Southon mwaka 1879. Mlango ulikuwa unaanza kufunguka. Halafu mwaka 1880, katika mapigano ya Mpimbwe, Waingereza wawili waliokuwa katika kazi ya Wabelgiji, Carter na Cadenhead, waliuawa na watu wa upande wake. Kirk akamgeuzia mgongo. Mimi nadhani siku ile ilimgharimu Mirambo kuliko mapigano yoyote aliyoshindwa.

Sasa niwaudhi wa Urambo. Kusini ya Tabora, Ukimbu, alikuwepo Nyungu ya Mawe. Alikuwa mtu wa nyumba ya Unyanyembe pia; tazameni jinsi ugomvi ule wa kiti ulivyotawanya watu. Alikuwa na jicho moja, alikuwa na rugaruga wakali kama wa Mirambo, na kwa miaka ya 1870 aliviunganisha viutemi vidogo vya Wakimbu kutoka makao yake Kiwele. Lakini alifanya ambalo Mirambo hakulifanya. Kila alipopashinda aliweka mtu wake, mtwale, akae pale, akusanye pembe, azipeleke Kiwele. Mirambo alimwacha mtemi wa zamani au ndugu yake kwenye kiti, akaridhika na utii. Utii wa namna hiyo hudumu siku ambazo bwana ana nguvu ya kuja.

Wote wawili walifariki Desemba 1884. Ukitaka kupima tawala mbili, huwezi kupewa mtihani mzuri kuliko huo. Ufalme wa Mirambo ulishikwa na ndugu yake Mpandashalo, na ndani ya miaka michache ulikuwa umemeguka. Wa Nyungu ulichukuliwa na binti yake, Mgalula, mwanamke, juu ya rugaruga wale wale, na ukaendelea kusimama mpaka Wajerumani wakaukuta. Nawaambia wasichana wa madarasa ya historia humu ndani: andikeni juu ya Mgalula. Wavulana wamemwandika Mirambo vya kutosha.

La mwisho ni Isike, nitalipita haraka. Wajerumani walipofika Tabora walimkuta yeye ndiye mwenye nguvu iliyobaki. Mashambulizi yao ya mwaka 1892 dhidi ya boma lake hayakufaulu. Januari 1893 luteni Tom von Prince akaja tena, akaivunja boma. Isike akaingia kwenye ghala la baruti akalilipua, yeye na watu wa nyumba yake. Wakamtoa anakata roho, wakamtundika.

Mirambo hakuwepo kumsaidia, na hata angekuwepo asingekuja. Alikuwa amempiga vita Isike kama alivyompiga Mkasiwa. Wanyamwezi wengine walikuwa upande wa Prince. Kiti cha Unyanyembe akapewa Nyaso, mtu wa nyumba ileile ya kitemi aliyekuwa akishindana na Isike. Mwarabu mwaka 1860 alimkuta ndani mgombea wa pili, akamtumia. Mjerumani mwaka 1893 naye alimkuta.

Mwenyekiti ananitazama saa. Kuna mzee pale mbele amenyoosha mkono tangu nilipomtaja Mnywa Sele, na sura yake inaonyesha hakubaliani nami. Baba, karibu kipaza sauti.